Sauti ya Bi Tome Mbele ya Binti Mfalme

Kabla ya kuwa mkurugenzi wa kampuni, Chikage Fukushi alifanya kazi miaka kumi na mitatu katika nyumba ya kutunzia wazee mjini Hirosaki. Kampuni yenyewe ilikuwa na watu watatu na ilikaa ndani ya duka la zamani la mikeka, kwa hiyo kila mgeni alivua viatu mlangoni, hata aliyeleta barua tu. Chikage alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Mume hakuwa naye wala hakuwa akimtafuta. Kazi ya mshahara aliiacha kwa sababu ya mkongojo.

Mkongojo huo ulikuwa wa mzee Mikami. Siku moja mzee aliusahau bafuni, akatoka bila huo hadi kwenye korido, akaanguka, nyonga ikavunjika. Hakutembea tena. Aliyekuwa zamu ni Chikage. Hakuna aliyemlaumu, na hilo lilimsumbua kuliko ambavyo lawama ingemsumbua.

Akamtafuta Odagiri, fundi wa televisheni aliyestaafu, wakatengeneza kidude cha kufunga kwenye mkongojo. Mwenyewe akiuacha na kwenda hatua tano, kidude kinamwita. Mwanzoni kililia kama kengele, na wazee wakadhani ni jiko la umeme, wali umeiva. Wakaweka sauti ya mwanamke mpole, ya kistaarabu, kama ya mtangazaji wa stesheni. Wazee wakamwambia asante, wakaendelea na safari. Ndipo Chikage akaenda na kinasa sauti kwa mama yake.

Mama yake, Bi Tome, alikuwa mkulima wa matofaa, mwanamke ambaye hata akikusalimu unajikagua umekosa nini. Alirekodi sentensi tatu bandani, kwa Kitsugaru, lahaja ya kwao, kila moja kali kuliko iliyotangulia. Siku ya majaribio wazee wote kumi na mmoja waligeuka. Mmoja aligeuka ilhali mkongojo anao mkononi.

Mwaka wa tatu wa kampuni, barua ikaja kutoka Tokyo. Chama fulani cha ustawi wa wazee kilikuwa kinaandaa dhifa, na Binti Mfalme aliyekuwa mlezi wake angehudhuria. Kampuni changa tano zingepewa nafasi ya kuonyesha vifaa vyao, na ya Chikage ilikuwa mojawapo.

"Twende wote, Mama," alisema Chikage.

"Mwezi wa kumi na moja?" Bi Tome alikuwa juu ya ngazi, akichuma. "Huyo Binti Mfalme atakuja kunichumia haya?"

Basi akaenda na Odagiri. Kimono aliazima kwa shangazi yake. Mwanamke wa hotelini aliyemvisha alimkaza mshipi mpaka pumzi zikawa za kuhesabu. Saa kumi na mbili jioni walikuwa wamesimama ukumbini kando ya meza yao, mkongojo ukiwa umelazwa juu ya kitambaa cheupe kama maiti ya mtu mwembamba.

Bwana Kanzaki, aliyesimamia itifaki ya chama, alipita meza kwa meza na karatasi zake.

"Unainama akiwa hatua tatu kutoka kwako," alimwambia Chikage. "Humpi kitu mkononi. Humuulizi swali. Akikuuliza, jibu kwa sekunde kumi na tano."

"Na nisipokuwa nimemaliza?"

"Utakuwa umemaliza." Akautazama mkongojo. "Hiki ndicho kinachoongea?"

"Ndiyo."

"Hakitaongea. Toeni betri."

Odagiri akatoa betri, akaitia mfukoni. Kisha, kwa kuwa alikuwa na miaka sitini na minane na amekunywa chai nyingi kwenye treni, akaenda msalani. Dakika mbili baadaye milango ilifunguliwa, Binti Mfalme akaingia, na walinzi wakazuia watu kupita koridoni.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi kuliko Chikage alivyodhani, amevaa gauni la rangi ya majivu. Nyuma yake alifuatwa na bibi mmoja wa kumhudumia na Bwana Kanzaki. Alipofika meza ya tatu Chikage akainama. Mshipi ukamrudisha juu kabla hajafika chini sawasawa.

"Nimeambiwa mkongojo huu unaongea," alisema Binti Mfalme. "Unasema nini?"

Chikage alikuwa amekariri majibu manne, na hili halikuwemo. Aliutazama mkongojo. Akautazama mlango ambao Odagiri alikuwa nyuma yake. Bwana Kanzaki alikuwa ameshatazama saa.

Hakuwa na namna. Akakunja uso kama mama yake, akasema kwa Kitsugaru, kwa sauti ya kufika ng'ambo ya shamba:

"Wee! Wajiendea tu, mie wanitupa hapa? Rudi unichukue, bwege we."

Mhudumu mmoja aliyebeba trei alisimama alipokuwa. Bibi wa kuhudumia alitazama sakafu kama mtu aliyeangusha sindano.

Binti Mfalme alirudi nyuma nusu hatua.

"Samahani," alisema. Akafikiri kidogo. "Na mtu asiporudi?"

"Unarudia, Mtukufu. Kwa ukali zaidi."

"Naomba nisikie."

Chikage akampa ya pili, ambayo ilitaja miguu ya msikilizaji, umri wake, na kazi atakayowapa watu wa kumzika. Jasho lilikuwa linamtiririka chini ya kimono ya shangazi yake. Bwana Kanzaki alikuwa anachunguza taa ya dari.

"Sauti ya nani hii?"

"Ya mama yangu, Mtukufu."

"Yupo hapa?"

"Yuko kwenye matofaa."

Binti Mfalme akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa jambo la maana. "Umesema ziko sentensi ngapi?"

Chikage hakuwa amesema. "Tatu. Lakini ya tatu haifai kusemwa hapa."

"Lakini inafanya kazi?"

"Hatujui, Mtukufu. Hakuna aliyewahi kuisubiri."

Hapo Binti Mfalme alicheka, si sana, kiasi cha kufunika mdomo kwa vidole viwili. Akamtakia Chikage na mama yake afya njema, akaenda meza ya nne, kwa bwana mmoja mwenye kiti cha magurudumu kinachopanda ngazi. Kwa muda uliobaki bwana huyo aliwahi tu kuinama na kutaja mji anaotoka.

Odagiri aliporuhusiwa kurudi alimkuta mkurugenzi wake ameketi kwenye kiti cha wapiga muziki.

"Nimepitwa na nini?" aliuliza.

"Nimemwita bwege."

Odagiri akaketi naye. "Mara ngapi?"

Chikage alikuwa anamfikiria mzee Mikami. Alitaka kumtaja mbele ya Binti Mfalme. Jibu la pili kati ya yale manne lilikuwa la mzee huyo, jina lake na mwaka alioanguka, na lilikuwa limepimwa likatosha katika sekunde kumi na nne. Sasa halikusemwa, na meza ilikuwa imeshapitwa.

Bwana Kanzaki akaja. "Dakika moja na sekunde ishirini, Bi Fukushi," alisema. Akaandika, akaondoka.

Wakati wa chakula, bwana mmoja wa kampuni kubwa ya vifaa vya hospitali aliinama upande wa Chikage. "Wazo zuri," alisema. "Tunaweza kuliuza nchi nzima. Ila sauti iwe ya heshima."

"Tulijaribu."

"Wazee walisemaje?"

"Walishukuru."

Asubuhi alimpigia mama yake, akamweleza yote bila kuficha. Bi Tome alisikiliza hadi mwisho.

"Ulimwambia ni mimi?"

"Aliuliza, Mama."

"Ungeanza na ya pili. Ile ya kwanza nilikuwa na mafua." Kisha akauliza walikula nini.

Habari zilisambaa zenyewe, maana waliokuwa ukumbini hawakuwa na kingine cha kusimulia. Nyumba za wazee za kusini zikaanza kuandika, na zote zililalamika jambo moja: wazee wao hawaelewi Kitsugaru, wanadhani mwanamke yule anaomba msaada. Walitaka mtu wa kwao.

Kwa hiyo mwaka huu Chikage hakai dukani. Anazunguka na kinasa sauti, mkoa kwa mkoa, akitafuta wanawake wakali. Kule Osaka alielekezwa kwa Bi Yuge, muuza samaki mstaafu, aliyemwacha asimame mlangoni robo saa nzima.

"Unataka ukali wa kiasi gani?" aliuliza Bi Yuge hatimaye.

"Wa mtu kurudi."

"Mume au mteja?"

Chikage akafikiri, akasema mteja, akabonyeza kitufe cha kinasa.