Mume Aliyeanza Kutembea Akiongea

Kwa miaka hamsini na miwili Ma Deokchil alitembea hatua kumi mbele ya mkewe, mikono mgongoni, kama mtu aliyetoka peke yake. Hakuwa mtu mbaya. Wanaume wa rika lake hapa mjini Wonju wengi walikuwa hivyo, tena yeye alikuwa mpeleka barua wa vijiji vya milimani, miguu yake haikuzoea kusubiri mtu. Mkewe, Pyo Bunrye, alimfuata na kapu lake la sokoni, wala hakulalamika.

Kisha mzee akaanguka. Mara ya kwanza kwenye bafu la umma, mara ya pili ngazini, akavunjika kifundo cha mkono. Tangu hapo hakutoka nje bila kumshika mkewe. Mimi nakaa nao mlango kwa mlango, na kila asubuhi niliwaona wakishuka: mzee kamng'ang'ania Bunrye juu ya kiwiko, kimya kabisa, maana akisema neno moja tu hatua zinamchanganya. Watu walimpa Bunrye pole, naye aliinamisha uso kuficha tabasamu. Siku moja tukichambua kabichi za kuchachusha kimchi akaniambia, "Niliolewa nina miaka ishirini na minne. Mwaka huu ndiyo nimepata mume."

Habari ya hospitali ililetwa na binti yao, Taerim. Madaktari walikuwa wakijaribu njia ya kuwasaidia wazee wasianguke. Mtu anafungwa kichwani vipande viwili vya sponji vilivyolowa maji ya chumvi, kisha umeme mdogo sana unapitishwa kwenye ubongo kwa dakika ishirini. Walisema mzee haangushwi na miguu tu. Kutembea huku anawaza jambo jingine kunaulemea ubongo. Deokchil alisitasita. Bunrye mwenyewe ndiye aliyemtia shime.

Alikwenda mara tatu kwa wiki. Wiki ya tatu akashuka ngazi kwa kushika reli, si mkewe. Wiki ya nne nikamsikia uani: anatembea, na anaongea! Ila aliyekuwa kando yake ni Chae Geumok, mjane wa jengo la pili, mwenye kofia ya zambarau, aliyekuwa naye kundi moja hospitalini. Walikuwa wamepewa zoezi la kutembea huku wakihesabu kurudi nyuma, wakitoa saba kila mara. Wakikosea wanacheka kama watoto wa shule.

Bunrye alikuwa dirishani kwangu. "Mia, tisini na tatu, themanini na sita," akaiga kwa kubana pua. "Mimi nimeuza sokoni miaka arobaini, hesabu hiyo naifanya usingizini. Mbona mimi hakuniomba nimhesabie?"

"Mama Taerim, mzee anapona. Si ufurahi?"

"Nimefurahi," akasema, na akalibamiza dirisha.

Wanasema wivu ni kidonda, na Bunrye alikonda nacho. Akaanza kuangalia mzee amechana nywele mara ngapi, na kwa nini ile sweta nzuri ivaliwe Jumatatu. Mwishowe, Jumatatu moja, akamwambia mumewe, "Hospitali wamepiga simu. Mashine imeharibika." Jumatano akasema vilevile.

Ijumaa asubuhi Geumok akabisha hodi na mfuko wa matunda ya persimoni. "Dada, mzee anaumwa? Wauguzi wanamuulizia. Akikosa tena watamtoa."

Deokchil akatokea nyuma ya mkewe. "Si mashine imeharibika?"

"Mashine ipi? Juzi tu nilikaa pale, kichwa kinaniwasha kama nimevamiwa na sisimizi."

Geumok aliondoka na aibu isiyo yake. Mlango ulibaki wazi, nami nikasikia yote.

"Ulitaka nianguke?" mzee akauliza.

"Nilitaka unishike."

Deokchil akachukua koti, akaenda zake hospitali. Siku tatu hawakusemezana. Jumatatu iliyofuata akazipanga ndala za mkewe pembeni na kumtolea viatu. "Vaa, twende. Ukakione hicho kinachokukosesha raha."

Hakukuwa na cha kuona. Binti mmoja wa hospitali alilowesha sponji, akafunga mikanda, akabonyeza kitufe. Geumok alikuwa kiti cha pili, kaking'ang'ania kwa mikono miwili. Aliwahi kuanguka jikoni kwake akalala sakafuni tangu asubuhi hadi jioni, hakuna wa kumwinua.

"Nilimhurumia mno," Bunrye aliniambia aliporudi. "Halafu akamtazama mume wangu akacheka, huruma ikaniishia."

Majani yalipoanza kubadilika rangi, matibabu yakaisha. Mzee hakuwa kijana; bado hujikwaa, ila hajaanguka tena. Kama njia hiyo inawafaa na wengine, madaktari wanasema bado wanachunguza. Na mkono wa mkewe hakuushika tena.

Siku moja tulikuwa tunatoka sokoni watu watatu, Deokchil yuko mbele kama zamani. Bunrye akasimama katikati ya njia.

"Baba Taerim! Rudi hapa! Kama miguu imepata akili, basi itembee na mimi!"

Watu wakageuka. Mzee akarudi, masikio mekundu, akajipanga kando ya mkewe. Tukaenda kidogo, kisha akaanza kusimulia habari ya mbwa wa kijiji kimoja cha mlimani, aliyepokea barua kwa mdomo na kuzifikisha ndani, isipokuwa za kodi, hizo alizitafuna. Bunrye alicheka hadi akashika ubavu. Kisha akamgeukia.

"Hiyo umeshamwambia Geumok?"

Mzee akakohoa. "Nimemwambia."

"Basi nipe nyingine. Ambayo yeye hajaisikia."

Deokchil akawaza, na hatua zake hazikusimama. Mimi nikapunguza mwendo, nikawaacha watangulie.