Mkojo wa Mama wa Mutuka

Nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi kwenye mafunzo ya vitendo hapa Babati alipoletwa mama mmoja mkulima wa Mutuka. Mumewe, mzee mwembamba, alimbeba mgongoni kutoka kwenye bajaji hadi wodini. Mama alikuwa ameharisha na kutapika kwa siku kadhaa, na kwa kuwa kiuno kilimuuma baada ya kuvuna mbaazi, akawa anameza diklofenaki za dukani asubuhi na jioni.

Tulimtundikia dripu, tukamwekea mpira wa mkojo. Presha iliyokuwa imeshuka ikapanda vizuri, lakini mfuko wa mkojo ulibaki mkavu.

"Binti," mzee aliniuliza, "maji yote haya mnayomtia yanakwenda wapi?"

Nilikuwa nimefaulu mtihani wa figo, lakini niligeuka kumtazama muuguzi kiongozi wa zamu. Yeye ndiye aliyechuchumaa mbele ya mzee.

"Baba, mwili ulipokauka, damu inayofika kwenye figo ilipungua. Figo zikikosa damu hutanua mishipa yao zenyewe, ile kidogo iliyopo ipate kupita. Zile dawa za maumivu zilizizuia kufanya hivyo. Sasa zimeumia. Lakini hazijafa."

Daktari akapunguza dripu, maji yasije yakajaa kwenye mapafu. Dawa za maumivu zikapigwa marufuku. Kama chumvi ya potasiamu ingepanda kwenye damu, moyo ungeweza kusimama, kwa hiyo rufaa ya kwenda kusafishwa damu iliandaliwa kabisa. Tukasubiri. Kila nilipopita niliinama kuutazama mfuko.

"Sista, unatafuta nini huko chini?" mama akaniuliza kwa sauti ya uchovu.

"Figo zako, mama."

Akatabasamu kidogo.

Asubuhi moja, nikimtandikia kitanda, niliona kitu kikisogea ndani ya mpira. Tone jeusi kama chai ya rangi, likafuatwa na jingine. Nilisimama na shuka mkononi. Hakuna aliyezigusa figo zile wala kuzishona. Sisi tulirudisha maji tu na kuondoa kilichoziumiza. Zilijirekebisha zenyewe humo gizani.

"Baba, njoo uone!"

Mzee alivua kofia, akafanya ishara ya msalaba mbele ya mfuko wa mkojo. Hakuna aliyecheka.

Baadaye mkojo ulikuja kwa wingi mpaka tukawa tunamhimiza anywe ili asikauke tena. Kiwango cha uchafu kwenye damu kikaanza kushuka, na ile rufaa haikuhitajika. Aliondoka akitembea kwa miguu yake, mumewe nyuma na beseni la nguo, huku muuguzi kiongozi akimkumbusha kurudi kupimwa.

Jioni ile, chumbani kwangu Maisaka, niliweka mikono mgongoni, chini ya mbavu. Sikusikia kitu. Figo zangu zilikuwa zinachuja, kama zilivyochuja tangu sijazaliwa, nami sikuwahi kuziomba.