Ndahani, Mla Ugali Wangu

Wenzangu mliosoma enzi za Mdachi mtanielewa nikisema hatukwenda shule kwa kupenda. Jumbe alipita akitaka mtoto mmoja kila kaya, na mtoto akitoroka, baba yake alilazwa chini akala viboko, hamsa ishirini kamili. Baba alinikumbusha hilo kila asubuhi nikiondoka.

Tulitoka Gulwe alfajiri, miguu mitupu, miiba ya migunga ikitungoja njiani. Mwalimu alikuwa mtu wa Pwani, nadhifu, fimbo haimtoki mkononi, na alituita kwa namba. Mimi nilikuwa Kumi na Saba. Koo zetu hakuziuliza, nasi tukazoea kutoulizana. Tuliandika kwenye vibao, tukafuta kwa mate, tukaimba hesabu mpaka jua likasimama utosini. Njaa ya saa ile, jamani, acheni tu.

Na saa ile ndiyo iliyokuwa ya Ndahani. Alikuwa mkubwa kuliko sote, ndevu zimeanza kumchungulia. Mama alinifungia bonge la ugali wa uwele na karanga za kukaanga. Ndahani alipokonya, akala mbele yangu polepole, kisha akanipiga konzi la shukrani. Kumshtaki? Mwalimu angetuchapa wote wawili. Miezi mitatu nikashinda njaa, mbavu zikahesabika. Nilimchukia yule kijana mpaka nikamwota. Mara mbili nilishika njia ya kwa mjomba nikajifiche huko, na mara mbili nikarudi, maana kila mara akilini nilimwona baba amelala kifudifudi mbele ya jumbe.

Bibi, mama yake baba, ndiye aliyenibana mpaka nikasema yote. Akauliza jambo moja tu: huyo Ndahani ni wa ukoo gani? Nilijua jina la baba yake tu, nikamtajia. Bibi alicheka mpaka akakaa chini.

"Watani wa babu yako hao! Kumbe anakula chake. Kesho nawe kale chako. Akithubutu kukukasirikia, nitakwenda kuwapaka majivu nyumba nzima."

Mnajua utani wa koo ulivyo kwetu Wagogo. Mtani hukuchukulia chakula, hukutukana mbele za watu, na kukasirika huna ruhusa; ukikasirika, watani hukupaka majivu ya aibu.

Kesho yake saa sita nilimwendea Ndahani. Nikachukua kibuyu chake cha maziwa ya mgando, nikanywa yote, nikajifuta mdomo kwa shuka lake. Nikasema kwa sauti, "Asante mtani. Mama yako kugandisha maziwa anajua, kuzaa ndiko kulikomshinda."

Ngumi ikainuka. Nikamtajia ukoo wangu, halafu jina la babu, haraka haraka. Ngumi ikabaki hewani, kisha ikashuka.

"Mbwa wewe," akasema, "mbona siku zote hukusema?"

Akaanza kucheka. Mimi nilikaa chini pale pale nikalia, kwa jinsi nilivyopata nafuu. Tangu siku hiyo tulinyang'anyana na kula pamoja, na hakuna aliyenigusa tena, maana Ndahani alisema mtani wake ataonewa na yeye peke yake.

Wajukuu wangu leo wana viatu na madaftari. Mmoja akisukumwa kidogo, ukoo mzima unahamia kwa mwalimu mkuu, na mtoto mwenyewe analala siku mbili kwa uchungu wa kusukumwa. Kuulizana ni wa nani hawana habari. Ila wana jambo moja ninalowaonea wivu: wakiumia, wanasema siku hiyo hiyo.

Mimi nilimsimulia baba nikiwa tayari nina mke na watoto. Nilimweleza njaa ile, na jinsi nilivyorudi njiani kwa ajili yake.

"Ungetoroka tu, mwanangu," baba akasema. "Viboko ningepona."