Ukuta wa Chumba cha Bibi

Nilimchukia yule bibi wa Kidachi, Mjerumani, kabla sijatia mguu nyumbani kwake, na sababu ilikuwa maji. Mumewe alipokuja kulima kahawa juu yetu pale Akheri, aliukata mfereji uliokuwa ukinywesha migomba ya ukoo wetu, akaugeuza upite kwenye shamba lake. Hakumwomba mtu. Alikuja na askari wawili na vibarua wenye majembe, na kufikia jioni mfereji wetu ukawa tope. Mimi nilikuwa mjane mwenye watoto wawili. Migomba yangu iliponyauka, sikuwa na pa kwenda ila kwa yule yule aliyeinyausha. Wakanipa kazi ya kufua na kusafisha.

Nyumba yao ilikuwa ya mawe, bati juu, imeegemeza mgongo kwenye mteremko. Udongo waliouchimba wakati wa kujenga walikuwa wameurundika nyuma yake mpaka ukafika karibu na madirisha. Na hatua chache tu juu ya rundo hilo ndipo ulipopita ule mfereji waliotunyang'anya.

Chumba cha kulala cha bibi kilikuwa upande huo wa nyuma. Masika ilipoanza, chini ya ukuta pakatokea madoa madogo meusi, kana kwamba mtu amerusha masizi kwa vidole. Wiki ya pili madoa yakaungana. Wiki ya tatu ukungu ulikuwa umepanda hadi usawa wa kifua changu, na nyuma ya kabati la nguo ulikuwa na manyoya ya kijivu.

"Hii nini?" bibi aliniuliza.

"Ukungu, bibi."

"Ukungu sababu wewe mvivu. Nyinyi watu zoea uchafu."

Nikasugua. Nilisugua kwa brashi ngumu na maji ya magadi mpaka vidole vikachubuka, kisha kwa siki, ambayo bibi aliipima kwa kijiko kama dawa. Ukuta ulikuwa ukitoka mweupe asubuhi. Baada ya siku nne madoa yamerudi palepale. Bibi akaamuru ukuta upakwe chokaa. Nikapaka juu ya unyevu, na chokaa ikabambuka vipande vipande kama ngozi ya mtu aliyeungua. Na kila dirisha la chumba kile lilikuwa limepigwa misumari, kwa sababu bibi aliamini hewa ya mlimani inaleta homa. Hewa ilikaa mle ndani ikioza.

Siku moja nilimwambia. Kiswahili changu kilikuwa kichanga, nilifundishwa na mpishi wao, mtu mzima wa Pangani niliyemwita baba, lakini maneno yalitosha. "Bibi, maji yanatoka nje. Mfereji uko juu, udongo unakunywa, ukuta unakunywa. Uondoeni udongo."

Alinipiga kofi. Akasema nataka mfereji wangu urudi, ndiyo maana nimebuni hadithi. Ni kweli niliutaka mfereji wangu. Na ni kweli pia kwamba ukuta ulikuwa unakunywa maji.

Basi nikanyamaza. Nilisema moyoni, kaa na ukungu wako, ulale nao, uuvute puani. Alianza kukohoa, nami nikafurahi. Sijivunii, ila siwezi kuandika kwamba nilihuzunika. Nilisugua kila nilipoambiwa nisugue, huku nikijua kwamba ninasugua bure, na ujuzi huo ulinipa raha kali ambayo sijawahi kuipata katika jambo lingine.

Kisha ukaja msiba. Bibi alifungua kabati akakuta nguo yake ya kanisani imeota ukungu mgongoni kote. Alipiga ukelele nyumba nzima ikasikia. Ukuta wa jikoni ulipakana na chumba chake, kwa hiyo akaamua kwamba mpishi ndiye anayemwaga maji ukutani kwa makusudi ili amharibie vitu. Bwana hakuuliza swali hata moja. Mpishi alipelekwa bomani Arusha kwa miguu, mikono imefungwa, kwa njia ya Kimandolu ambako watu wote walimjua. Wakampiga hamsa ishirini, viboko ishirini na tano.

Aliporudi alitembea kama mtu anayebeba chungu kilichojaa. Nilimkanda mgongo kwa maji ya uvuguvugu, na wakati ninamkanda akaniuliza, "Mwanangu, yale maji yanatoka wapi?"

"Mferejini, baba."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu masika."

Alivuta shuka, akajifunika mwenyewe.

Kesho yake asubuhi nilichukua jembe, nikaenda nyuma ya nyumba, nikaanza kuufukua ule udongo. Sikumwomba mtu ruhusa. Bwana alitoka na fimbo mkononi, akinifokea kwa lugha yake. Sikuacha. Nilipofika kwenye mawe ya ukuta, maji yakatiririka katikati ya mawe, meusi, yakaingia ndani ya viatu vyake. Nikamwonyesha kwa mkono kutoka pale hadi mferejini. Aliufuata mkono wangu kwa macho. Fimbo aliishusha, lakini pole hakuitoa, si kwangu wala kwa mpishi.

Vibarua waliuondoa udongo wote, wakachimba mtaro nyuma ya ukuta na kuujaza mawe ili maji yapite. Mimi nilijifunga kitambaa puani, nikakwangua lipu ya chumbani hadi kwenye jiwe tupu, na kifusi chote nikakifukia mbali na nyumba. Ukuta tuliuacha wazi kiangazi kizima. Bwana mwenyewe aling'oa misumari ya madirisha. Ukuta ulipokauka hata kiganja kikawa hakihisi ubaridi, ukapigwa lipu mpya, nikaupaka chokaa mara tatu, kila mkono ukisubiri ule uliotangulia ukauke. Kabati nililisogeza mbali na ukuta kiasi cha kupitisha mkono. Ukungu haukurudi.

Mfereji nao haukurudi kwetu. Bwana aliuhamishia upande wa pili wa shamba lake, mbali zaidi na migomba yangu.

Mpishi aliondoka mara mgongo ulipopona. Nilimwamkia, "Shikamoo, baba," akaitikia marahaba huku anatazama njia, akaenda zake pwani. Bibi aliwaambia wageni wake kwamba mumewe ndiye aliyegundua ugonjwa wa nyumba. Mimi nilikuwa nimesimama pale nimeshika sinia la vikombe. Niliendelea kumfulia nguo hadi vita vilipowafukuza, na siku walipopakia mizigo yao sikuwasaidia kubeba hata kikapu.