Mzizi wa Muhidini

Hafsa wa Ruaruke hakuota kuwa mtu wa meno. Alisomea meno kwa sababu ndiyo nafasi iliyobaki chuoni, akaja kuipenda. Sasa yuko kwenye mwaka wa mazoezi, kituo kimoja cha afya huku Kibiti. Leseni yake ni ya muda, na sharti ni moja tu: usitie mkono mdomoni mwa mtu kama msimamizi wako hayupo chumbani. Ukikiuka, unafungiwa.

Msimamizi alikuwa Dar, semina, siku nne. Mwingine hakuna.

Jumanne mchana mlango ukapigwa teke. Mtoro, mvuvi wa kaa kutoka kisiwa cha Maparoni, alikuwa anamkokota mdogo wake Muhidini. Shavu limefura mpaka jicho limefumba. Mate yanamchuruzika, hawezi kumeza.

"Mmemfanya nini?" Hafsa akauliza.

"Tulifunga jino kwa mshipi, ncha ya pili kwenye boti, tukatia moto mashine. Baba tulimng'oa hivyo hivyo."

"Likatoka?"

"Likakatika. Mzizi ukabaki. Tukautilia maji ya betri."

Hafsa akapiga simu Dar, sauti nje. "Usimguse!" msimamizi akafoka. "Wampeleke hospitali ya mkoa."

"Mkoa upi? Kutoka Maparoni tu tumetumia siku nzima!" Mtoro akachomoa panga. "We binti umewekwa hapa upambe kiti?"

"Kaka, sina ruhusa."

Ngumi ikatua mdomoni. Hafsa akaenda chini na kabati la dawa, akatema damu na kipande cha jino lake la mbele. Panga likapiga meza, mbao zikaruka.

Halafu akamsikia Muhidini anakoroma, koo linaziba. Huyu hafiki kokote.

"Weka panga chini, mpumbavu wewe," akasema, damu kidevuni. "Njoo umshike kichwa."

Ganzi haikukolea, usaha ulikuwa mwingi. Muhidini alinguruma, akapiga teke sinia la vyuma, akamng'ata Hafsa kidole mpaka glavu ikapasuka. Mtoro akamkalia kifuani huku analia kama mtoto. Hafsa akazungusha koleo, akavuta, mfupa ukalia kwaa. Mzizi ukatoka, na usaha ukamrukia kifuani.

Muhidini akameza mate. Kisha akaomba maji.

Wiki iliyofuata kamati ya leseni ikamwita Hafsa. Mwenyekiti mama mmoja, alitaka kumsaidia, ukweli usemwe. "Mwanangu, si ulitishiwa panga? Sema ndiyo tu, tufunge faili."

Hafsa alijua neno moja linamwokoa. Alijua pia kwamba neno hilo linampeleka Mtoro jela, na kesho mtu wa Maparoni akiumwa jino ataogopa kituo, atarudi kwenye mshipi na boti.

"Panga lilikuwa chini wakati nang'oa, mama."

Wakamfungia miezi sita. Chumba cha meno kikapigwa kufuli, maana msimamizi kaondoka tena.

Mtoro akaleta ndoo ya kaa kuomba radhi. Hafsa akajaribu kuvunja gando moja, kile kibutu cha jino lake lililovunjika kikamchoma mpaka akaangua kilio. Wa kumtazama jino hayupo. Kibiti hii yote, mtu wa meno aliyekuwepo ni yeye.