Mkunga Aliyekatiza Wimbo

Mengi yamesemwa juu ya mkunga wa kwanza wa kanisa letu, na sehemu kubwa ni ya kubuni. Mimi naandika yale tu niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe, Jumamosi moja ya baridi, nyumbani kwangu Aston, binti yangu alipokuwa akijifungua kwa mara ya kwanza.

Tulikuwa waumini wachache tuliotoka Kongo ya mashariki kupitia kambi za Tanzania, na katika mji huu wa Waingereza hatukuwa na aliyetutangulia. Mkunga yule alikuwa amezalisha wanawake msituni na kambini. Hapa hakuwa na kibali cha kuzalisha, naye alijua kwamba angeweza kushtakiwa. Kazi yake, alisema, ilikuwa kukaa na mzazi hadi wakati ufike, kisha kumsindikiza hospitali. Lakini binti yangu alikataa kusindikizwa. Wanawake wa kanisa walikuwa wamemjaza hofu.

"Baba, kule banapasua kila mwanamuke mweusi," aliniambia, ameshika ukingo wa kitanda. "Na akishapasuliwa, harudi."

"Nani amekuambia?"

"Bote banasema."

"Wote si mtu. Nitajie mmoja aliyeona."

Uchungu ulimrudia, nami nikashuka, kwa kuwa chumba kile hakikuwa mahali pa baba.

Sebuleni akina mama walikuwa wakiimba. Ndiyo desturi yetu: mwanamke akishikwa na uchungu, wenzake huimba kwa kupokezana hadi mtoto alie, na wimbo hukatizwa kwa jambo moja tu, kifo. Jirani yetu Mwingereza aligonga ukuta.

"Anatupigia ngoma huyo!" akasema mmoja, na wengine wakacheka, wakapandisha sauti.

Adhuhuri ilipopita, mkunga akatokea juu ya ngazi, mkononi ana kipembe cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni.

"Nyamazeni!"

Wimbo ukakatika. Mama mmoja akajitupa sakafuni akaanza kuomboleza, na wenzake wakamfuata. Mimi nilikuwa jikoni, nimeshikilia sinki. Sikuwa na ushahidi wowote kwamba binti yangu amekufa. Hata hivyo mwili wangu wote uliamini.

"Nani kawaambia amekufa?" mkunga akafoka. "Nataka kusikia moyo wa mutoto, nanyi mnanifanyia matanga hapa! Funga mudomo, mama wee!"

Nyumba ikawa kimya. Papo hapo uwanja wa mpira ulio mtaa wa pili ukalipuka kwa kelele za bao, vioo vya madirisha vikatetemeka. Nilimsikia mkunga akisonya. Ikatubidi tungoje maelfu ya watu wamalize kushangilia. Sijawahi kuichukia furaha ya wengine kama siku ile.

Kelele zilipopungua, alisikiliza kwa muda mrefu. Kisha akaniita nipande, jambo ambalo sikuwahi kuona likifanywa kwa baba yeyote.

"Muzee, uchungu ukija, moyo wa mutoto unapotea. Unarudi polepole. Piga simu."

"Siendi," binti yangu akasema.

Mkunga alipiga magoti kando ya kitanda. "Binti yangu, hili sikuambiwa, niliona. Dada yangu, tumbo moja. Mutoto alikwama, na kule msituni hakukuwa na daktari wala kisu. Nilimshika mukono mpaka ukapoa. Tulimzika na mutoto tumboni."

Binti yangu alimtazama usoni, akatafuta kitu pale, kisha akanigeukia.

"Piga, Baba."

Walimpasua, katika hospitali moja upande wa Edgbaston. Pale nilipokaa kusubiri niliogopa kuliko nilivyoogopa vitani, kwa sababu vitani niliweza kukimbia. Muuguzi alipotoka akitabasamu, sikutosheka na tabasamu lake, niliomba kuingia. Mtoto wa kike alikuwa akirusha mateke. Mama yake amelala. Nilikitazama kifua chake kikipanda na kushuka hadi muuguzi akanigusa bega.

Nje, mkunga alikuwa ameketi kwenye benchi, mikono ameibana kwapani.

"Beko bazima?"

"Wazima, wote wawili."

Alifumba macho kidogo. Kisha akainuka, akakaza kitenge chake, akaniuliza basi la kwenda Erdington. Kule, alisema, kuna mwanamke ambaye siku zake zimefika, naye hataki hata kusikia neno hospitali.