Mashimo ya Uwanja wa Mama

Mbwa wa mama alianza kuchimba uwanja mwaka ambao mvua za Novemba zilikatika mapema. Alichimba kando ya tangi la maji, kwa sababu udongo wa hapo hubaki baridi, kisha akajilaza ndani ya shimo, tumbo chini na ulimi nje, kama mpangaji aliyelipia chumba. Ningecheka, kama mama angekuwa anaona.

Mama yangu hana macho tena. Presha ya macho ilimla polepole, na daktari alituambia wazi kwamba kilichopotea hakirudi. Lakini anaishi peke yake nyumbani kwetu, nje kidogo ya Matiliku, na anapika, anateka maji na kwenda chooni bila kushikwa mkono. Uwanja ule ameutembea tangu alipoolewa. Mimi nafanya kazi Malili, na kila Jumamosi nilipokuwa nikienda kumwona, niliwaza jambo moja tu: atatumbukia kwenye shimo avunjike mguu, alale hapo juani, na hakuna mtu atakayejua.

Basi nikapigana na mbwa. Nilifukia shimo nikashindilia, akachimba lingine. Nilimwaga pilipili, akapiga chafya, akasogea kidogo, akachimba. Nikatia majivu, nikatia mawe, nikatandaza matawi ya miiba tunayozibia boma la mbuzi. Jirani aliniambia nifukie humo kinyesi cha mbwa mwenyewe, eti mbwa hachimbi penye uchafu wake. Huyu wetu alihamia tu upande wa pili wa tangi. Mwishowe nikamfunga kamba kwenye nguzo ya ghala, naye akalia mchana kutwa, kilio kile kirefu ambacho watu wa kwetu husema kinaita msiba. Mama alitoka akipapasa ukuta, akafungua fundo mwenyewe.

"Mwaitu," nilimwambia, kwani hivyo ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba, "huyu mbwa atakuua."

"Huyu ndiye ananiambia mtu amefika kwa geti," alinijibu. "Wewe uko Malili."

Jibu hilo lilinichoma.

Mwezi wa Aprili nikachukua likizo nimalize kazi hiyo kabisa. Nilifukia mashimo yote, uwanja ukawa sawa kama sakafu. Na kwa kuwa nilikuwepo, nikamnyang'anya mama ufagio. Kila asubuhi yeye hufagia uwanja wote kwa ufagio wa vijiti, ameinama kabisa, kama wanawake wa kwetu walivyozoea, ili mgeni asikute hata jani la jana. Mgongo ule ulinitia huruma. Alikataa, tukabishana, na safari hii nikashinda mimi.

Siku chache baadaye nilikuwa nakunywa chai nikasikia kishindo mlangoni mwa jikoni, mahali ambapo mbwa hakuwahi kuchimba. Nilimkuta mama ameketi chini, mguu mmoja ndani ya shimo jipya, kifundo kimeanza kuvimba, na mbwa anamlamba sikio. Hasira ilinipanda. Nikanyakua jembe.

"Weka chini!" mama alisema. Sijui alijuaje. "Mashimo ya zamani nilikuwa nayajua yote. Nikifagia, ufagio inaingia kwa shimo kabla ya mguu yangu. Wewe umefunika zenye najua, akachimba zenye sijui. Na ufagio umechukua."

Nilimkanda mguu kwa maji ya chumvi, yeye akinituliza mimi. Haukuwa umevunjika. Nilijaribu kumwambia aje tuishi wote Malili, akauliza kama chumba changu kina uwanja. Nikasema hakina, na mazungumzo yakaishia hapo.

Kesho yake asubuhi alitoka akichechemea, akanyoosha mkono. Nikampa ufagio. Akainama, akaanza kufagia kutoka mlangoni, na vijiti vilipofika ukingoni mwa shimo vikazama kidogo, akasimama, akalizunguka. Mbwa alikuwa amelala humo ndani. Hakuinua hata kichwa. Mimi nilibaki kwenye kizingiti, macho yangu mawili mazima, nikimtazama mama akipita, na sikuwa na kitu cha kumsaidia.